Joto la taa za miche: ninavyoendesha stoo yangu Ngaramtoni

Aliyewahi kulea vifaranga anajua balbu ya wati 100 inatundikwa kwa ajili ya joto, mwanga ni nyongeza tu. Nami nilipohamishia miche ya nyanya na hoho stoo, kukimbia ukungu wa Julai unaoshuka kutoka Mlima Meru, niliamini taa za LED ni kinyume cha balbu ile: mwanga mtupu, joto hakuna. Februari ikanifundisha. Nilifunga mlango asubuhi taa zikiwaka, nikaenda soko la Kilombero, Arusha mjini. Niliporudi saa tisa kipimajoto kilisoma nyuzi 35, na trei nzima za hoho zilikuwa zimelala.

Umeme wote unaoingia chumbani kupitia taa mwisho wake ni joto. Sehemu hugeuka joto palepale kwenye taa na kwenye draiva yake, kile kiboksi kinachoigeuzia taa umeme wa ukutani. Sehemu hutoka kama mwanga, ukagonga majani, kuta na sakafu, na ukishanyonywa nao huwa joto. Jani linahifadhi kidogo sana kama chakula. Kwa hiyo wati 119 za LED, ambazo ndizo inazokula paneli yangu ya taa, na wati 119 za balbu ya vifaranga zinapasha chumba kilichofungwa sawasawa. Paneli moja kama yangu ni sawa na mtu mzima aliyeketi humo usiku kucha, maana mwili uliotulia hutoa kama wati 100.

Faida ya LED iko kwenye mwanga unaoupata kwa umeme uleule. Paneli nzuri hutoa takriban maikromoli 2.5 (kipimo cha wingi wa mwanga) za mwanga wa mimea kwa kila juli ya umeme. Tyubu za zamani, zile taa ndefu za fluoresenti, zinafika kama 0.8. Kupata mwanga ule ule kwa tyubu ningehitaji wati mara tatu, na joto mara tatu.

Kabla hujapiga hesabu yoyote, jua paneli yako inakula wati ngapi kweli. Usisome boksi. Yangu niliuziwa mjini kama ya wati 1,000. Nikazima kila kitu nyumbani, friji na chaja za simu pia, nikawasha paneli peke yake, nikasimama mbele ya mita ya LUKU na saa mkononi. Mita ina kimulimuli chekundu, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja, yaani kilowati moja ikitumika saa nzima. Yangu ni 1600. Kwa dakika 6 kilipiga mara 19. Kumi na tisa gawanya kwa 1600, zidisha kwa 10 kwa kuwa dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa: kilowati 0.119. Wati 119, basi. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimepanga trei za kujaza chumba kizima chini ya taa moja.

Paneli ya wati 119 inatosha meza ya mita moja kwa mita moja, yaani trei sita za mashimo 200. Naitundika sentimita 30 hivi juu ya majani. Kuta nilizipaka chokaa nyeupe mara mbili, na pembeni mwa rafu nikabandika foili ya jikoni, ili mwanga unaokimbilia ukutani urudi kwenye miche. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mwanga zaidi bila kuongeza hata wati moja.

Bei yake ni hii. Saa 16 kwa siku ni uniti 1.9. Kwa tarifa ya kawaida shilingi 1,000 hutoa kama uniti 2.8, hivyo siku moja ni takriban shilingi 680, na siku 28 ni 19,000. Gawa kwa miche 1,200: shilingi 16 kwa mche. Lakini angalia, kama uko kwenye tarifa ya wateja wadogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, paneli moja tu inakula uniti 57, na kinachozidi 75 kinatozwa bei ya juu. Mimi nilihesabu tangu mwanzo kwa bei kubwa ili nisijidanganye.

Sasa joto lenyewe, na hapa ndipo naona wengi wanapoteza pesa. Mwezi wa saba huku kwetu alfajiri ni baridi kali, na stoo bila taa inashuka hadi nyuzi 15. Kwa hiyo nawasha saa mbili usiku, nazima saa sita mchana. Rafu zangu mbili, kila moja na paneli yake, jumla wati 238, zinabakiza stoo kwenye nyuzi 19 au 20 hadi kunapambazuka. Joto ambalo Februari lingeua miche, Julai linafanya kazi ya hita niliyokuwa nataka kununua. Mchana kuanzia saa sita nafunga dirisha kwa turubai, miche inapata giza lake. Usiwashe saa 24 ukidhani itakua haraka; nyanya isiyopata giza majani yake hugeuka njano.

Januari na Februari ratiba ni hiyo hiyo, ila draiva nazitoa nje ya ukuta kwa waya mrefu kidogo aliounga fundi umeme. Draiva peke yake hupoteza kama asilimia 10 ya umeme kwa joto, na hakuna sababu ya kuliacha chumbani. Pia nilitoboa tundu karibu na dari na jingine chini ya mlango. Hewa ya moto inapanda yenyewe, ya baridi inaingia. Feni ndogo ya kompyuta inasaidia, na inakausha majani, kwa maana stoo yenye joto na unyevu uliotuama inaleta kinyaushi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, kwa siku mbili tu.

Kipimajoto kitundike katikati ya miche, kivulini, usikibandike ukutani. Balbu na taa za sodiamu hurusha joto moja kwa moja juu ya jani. LED joto lake linapanda kutoka mgongoni, kwa hiyo jani linabaki karibu na joto la hewa inayolizunguka, na hewa hiyo ndiyo unayopaswa kuipima.

Kila Jumapili nafuta vumbi kwenye mapezi ya kupozea yaliyo mgongoni mwa paneli kwa brashi ya rangi, taa ikiwa imezimwa na kupoa. LED ikichemka hutoa mwanga pungufu kwa umeme uleule, na huchakaa mapema.