Kulinganisha Land Rover 109 na 110 TDI kabla hujatoa hela

Wadau, huku nyanda za juu kusini Land Rover bado zinapiga kazi, na swali ni lile lile, ipi uchukue kati ya 109 Series III (zilitoka 1971 mpaka 1985) na Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, dizeli yenye turbo, iliyoanza 1994 (hiyo ndo naiita TDI). Usizipimie kwenye lami ya Mwanjelwa, Mbeya mjini, hapo TDI inashinda tu na hujajua chochote. Anzia chini ya gari, halafu nenda mlimani.

Chesisi kwanza, ile fremu ya chini inayobeba gari. Bodi zote mbili sehemu kubwa ni alumini, hailiwi na kutu, ndo maana gari inang'aa juu huku chini imeoza, maana chesisi ni chuma. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga taratibu toka mbele mpaka ile boriti ya nyuma, chuma kizima kinalia kwa ukali, kilichooza kinatoa sauti bubu na saa ingine kinabonyea kabisa, na ukikuta rangi nyeusi nzito imepakwa sehemu moja tu kwangua hapo hapo hata mwenye gari akinuna. Inua na mkeka wa dereva. Kama 109 ina chesisi nzima na TDI imeoza, mi nachukua 109.

Nenda alfajiri, na kama unaweza subiri Juni au Julai, baridi ya Mbeya inaumbua injini. Shika boneti, ikiwa ya moto basi muuzaji kashaiwasha, mwambie utarudi kesho. 109 ya dizeli lazima uipe muda plagi za joto, zile zinazopasha injini kabla ya kuwaka, zishike, hiyo siyo ubovu. TDI inatakiwa iitike haraka.

Sasa zipandishe zote Uyole mpaka Isyonje, njia moja, mzigo sawa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na pale unazidi kupanda, hewa nyepesi, na 109 haina turbo ya kuisukumia hewa kwa hiyo itajivuta, usiihukumu kwa hilo, angalia mshale wa joto tu. TDI nayo ikijivuta na moshi mweusi, kagua mipira ya turbo. Kushuka ndo kuna tofauti kubwa: 109 ina breki za dram miguu yote, zikipata moto zinalegea, 110 ina diski mbele. Kama safari zako ni za mteremko mkali wa Kitonga kila wiki, nenda na 110.

Ukiweka 109 fo wili, fanya kwenye vumbi au tope, siyo lami kavu, utaumiza gia boksi. 110 yenyewe inavuta miguu yote muda wote.

La mwisho taimingi, yaani kinachofanya vali ziende sawa na pistoni. 109 inatumia cheni, 300Tdi inatumia mkanda, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Muuzaji asipokuonyesha risiti ya mkanda hesabu haujabadilishwa, toa gharama yake kwenye bei, ubadilishe kabla hujaanza safari ya kurudi nyumbani.