Somo: Kuku na mayai bila kuumwa tumbo

Mtu akiharisha baada ya kula kuku, lawama huenda kwa mpishi kwamba nyama haikuiva. Mara nyingi nyama iliiva vizuri, ila saladi ilikatwa kwenye ubao uleule uliokatiwa kuku mbichi. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoleta kuharisha, huishi ndani ya utumbo wa kuku anayeonekana mzima kabisa, kwa hiyo macho na pua havitakusaidia.

Hatua ya 1: Usioshe kuku mbichi. Najua wengi mtabisha, lakini hapa ndipo penye hatari kubwa. Maji ya bomba yakigonga ngozi ya kuku hurusha matone hadi kwenye vyombo safi na kwenye nguo yako. Ndimu na siki hazitoshi kuua bakteria. Ukiona damu, ifute kwa karatasi ya jikoni, itupe, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Ukichinja mwenyewe ni lazima uoshe, basi fanyia mbali na chakula. Unapotoa matumbo, pitisha ncha ya kisu taratibu kuzunguka tundu la haja, uvute utumbo ukiwa mzima. Ukipasuka, kinyesi kimeshaingia kwenye nyama.

Hatua ya 2: Tenga ubao na kisu cha nyama mbichi. Hili halina mjadala.

Hatua ya 3: Pika hadi nyuzi 74 za Selsiasi, ukichomeka kipimajoto kwenye paja, sehemu nene, bila kugusa mfupa. Rangi ya nyama hudanganya. Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2.

Hatua ya 4: Mayai. Yenye nyufa yaache. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi: ganda lina vitundu na utando mwembamba unaovilinda. Maji baridi hufanya yai linywee kwa ndani na kuvuta uchafu uliopo juu ya ganda.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, friza si inaua bakteria?*
Hapana ndugu yangu. Baadhi hufa, wengi huamka nyama ikiyeyuka. Iyeyushie kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli, majimaji yasidondokee vyakula vingine.

*Yai nikilitia majini likazama, si ndiyo salama?*
Hapo umepima upya wake tu. Yai la leo pia linaweza kuwa na salmonela, maana kuku aliyeambukizwa hulipitishia kabla ganda halijaumbwa.

*Mke wangu ni mjamzito na anapenda mayonezi ya kutengeneza nyumbani. Nimkatalie?*
Ikiwa imetengenezwa kwa mayai mabichi, ndiyo, mwombe aiache kwa sasa. Mpe yai ambalo kiini na ute vyote vimeganda. Watoto wadogo na wazee nao vivyo hivyo. Akipata homa na kuharisha, hasa kukiwa na damu, mpeleke hospitali mapema.