Jinsi ya kuandika maelezo ya zana ya kusoma data ya blokucheni ili wakala wa akili unde aitumie

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa programu ambaye tayari ana zana inayosoma data ya Ethereum, mojawapo ya blokucheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi, kwa mnyororo wa mafungu yaitwayo bloku), na sasa anataka wakala wa akili unde, yaani programu inayoamua yenyewe ni zana ipi iite, aiendeshe mwenyewe. Mfano wangu ni zana ninayoitunza hapa Mombasa kwa ajili ya ofisi ya kuondosha mizigo karibu na bandari ya Kilindini, ambayo baadhi ya wateja wake wa ng'ambo hulipa kwa USDC, tokeni (sarafu ya kidijitali) inayofuata thamani ya dola ya Marekani. Mhasibu huuliza kwa Kiswahili, wakala huita zana, na jibu hutoka kwenye mnyororo. Binadamu akikuta pengo katika maelezo husita na kuuliza, ilhali wakala mara nyingi hulijaza kwa makisio, kisha hujibu kwa uhakika uleule anaotolea jibu sahihi.

Hatua ya 1: Taja kazi moja, na utaje isiyofanywa. Katika itifaki ya MCP (Model Context Protocol), yaani kanuni za kuunganisha modeli na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, modeli inayomwendesha wakala huichagua zana kwa kusoma jina lake, maelezo yake na orodha ya vigezo vyake. Kwa hiyo jambo la lazima liandikwe hapo hapo, lisiachwe kwenye ukurasa wa pembeni. Maelezo yangu yanaanza hivi:

> leta_malipo: Hurudisha uhamisho wa USDC ulioingia kwenye anwani moja ya Ethereum kati ya bloku mbili. Haitoi salio wala haitumi fedha. Kwa salio, tumia soma_salio.

Sentensi ya salio inastahili nafasi yake, kwa kuwa wakala asiyeambiwa hivyo anaweza kujumlisha malipo yaliyoingia na kuyaita salio, hata kama nusu ya fedha imeshatoka.

Hatua ya 2: Andika kipimo cha kila namba. Seva ya Ethereum hurudisha kiasi kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), tena kwa kipimo kidogo kabisa cha tokeni. Malipo ya USDC 250 huonekana kama `0xee6b280`, yaani 250,000,000, kwa sababu USDC kwenye Ethereum ina desimali 6, yaani namba ghafi hugawanywa kwa milioni moja. Etha, sarafu ya Ethereum yenyewe, ina desimali 18, na wakala aliyezoea etha akigawanya kwa kipimo hicho, malipo ya mteja yatageuka kuwa 0.00000000025. Ushauri wangu ni kwamba zana irudishe namba zote mbili, ile ghafi na ile iliyokwisha kugawanywa, kila moja ikiwa na jina linalojieleza, na maelezo yaseme ni ipi aonyeshwe mhasibu. Desimali zisomwe kwenye mkataba wa tokeni husika (programu iliyo kwenye mnyororo inayoiendesha tokeni hiyo), maana tokeni yenye jina hilohilo kwenye mtandao mwingine inaweza kuwa na desimali tofauti.

Hatua ya 3: Funga suala la wakati. Mwito wa `eth_getLogs`, ambao zana hutumia kuomba rekodi za uhamisho kwenye seva, hupokea namba za bloku, haupokei saa. Nayo bloku hubeba muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa UTC. Mhasibu akiuliza malipo yaliyoingia tangu saa mbili asubuhi, anakusudia 08:00 ya Mombasa, ambayo ni 05:00 UTC. Wakala asiyeelezwa anaweza kuanzia 02:00 na kuingiza malipo ya alfajiri yote. Andika mfano huo wazi ndani ya maelezo ya kigezo. Eleza pia tofauti kati ya bloku ya `latest` na ya `finalized`: ya kwanza ni mpya lakini bado inaweza kubadilishwa, ya pili imekwisha kuthibitishwa lakini huchelewa takriban dakika 13. Kabla ya kuachilia hati za mzigo, sisi hutumia ya pili tu.

Hatua ya 4: Tenganisha jibu tupu na kosa. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watumie muda mwingi zaidi. Orodha tupu `[]` inaweza kumaanisha kwamba hakuna malipo, lakini pia hutokea pale anwani ya mkataba ilipokosewa, au bloku zilipochaguliwa za siku nyingine. Vilevile, kuusoma mkataba kwenye anwani isiyo na msimbo hurudisha `0x`, bila kosa lolote kutangazwa. Zana yangu huambatanisha kila jibu na mtandao uliosomwa, anwani ya tokeni, na bloku ya mwanzo na ya mwisho, na maelezo humwagiza wakala avitaje vyote anaposema hakuna malipo. Seva ikikataa ombi kwa sababu ya wingi wa bloku, maelezo yamwambie agawe masafa kisha arudie. Asijibu kwa sehemu aliyoipata.

Hatua ya 5: Usiyaamini maandishi yaliyomo kwenye mnyororo. Mtu yeyote anaweza kuunda tokeni akaiita USDC, au akaipa jina lenye amri kwa wakala. Tambua tokeni kwa anwani pekee.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maswali ya mhasibu. Mpe wakala maelezo tu, bila msimbo, umuulize maswali ambayo majibu yake umeyahakiki kwa mkono: siku yenye malipo, siku isiyo na malipo, anwani yenye herufi moja iliyokosewa. Akikosea, rekebisha maelezo na uache swali kama mhasibu alivyoliuliza, kisha rudia maswali yote, kwa kuwa sentensi mpya kuhusu bloku inaweza kuvuruga uelewa wake wa saa.