Nyota mbili zisizopatana: namna ya kuandika mapenzi ya falaki

Kabla hujaandika hata sentensi moja ya riwaya ya mapenzi ya falaki, yaani elimu ya nyota, waulize wahusika wako majina ya mama zao. Mimi mara ya kwanza sikuuliza. Nikajaza madaftari mawili uchawi unaotoka popote na kwenda popote, mpaka nikachoka mwenyewe. Uchawi usio na hesabu hauna utamu, na sisi watu wa pwani hesabu tunayo tayari. Marehemu babu yangu, nahodha wa jahazi, akiifanya kwa penseli nyuma ya karatasi ya sukari, pale darini kwetu Langoni, Lamu.

Yenda hivi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake ya abjadi: alifu 1, be 2, jimu 3, hadi ghaini 1000. Jumlisha jina la mtu na la mamake, kisha toa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yake. Wasichana wangu wa riwayani, wanaopendana, ni Zena na Salma, wa miaka 19. Zena ana ze 7, ye 10, nuni 50, he 5: jumla 72. Mamake, Mariamu, ni 290. Pamoja 362, inabaki 2: Thauri, yaani Ng'ombe, nyota ya udongo. Salma ni 140, mamake Fatuma 135. 275, inabaki 11: Dalu, yaani Ndoo, nyota ya upepo. Udongo na upepo! Mnajimu angewakataza hata kupanda mashua moja.

Majina niliyatoa kwanza, hesabu ikaniletea ugomvi wa riwaya nzima. Nawe fanya hivyo hivyo, usichungulie jibu.

Kisha uupe uchawi bei. Kwangu, kila Zena akiita nguvu ya nyota yake hupoteza herufi moja ya jina, na jina likipungua, nyota nayo huhama. Nilikaa na kalamu jioni nzima nikijaribu herufi moja moja. Ukiondoa ze, 362 inakuwa 355, inabaki 7: Mizani. Nyota ya upepo, kama ya Salma! Nilipiga kelele mpaka mama akaja kuuliza kama ni nge. Basi kishawishi ndicho hicho: Zena aachie herufi ya kwanza ya jina lake, wapatane. Na Salma, badala ya kufurahi, anamwuliza, "Ena ndiye nani? Mimi simjui." Sura hiyo sikuibuni, ilitoka kwenye kujumlisha.

Ukiitazama hesabu vizuri, haina mahali pa mume wala mke. Yataka jina na jina la mama, basi. Ni vitabu vinavyozungumzia ndoa ndivyo huweka bwana huku na bibi kule. Kwa hiyo nimemkalisha Zena barazani na babu yake anayetafuna tambuu:

"Babu, nisipokwambia nani mume, hesabu itabadilika?"

"Haibadiliki." Akatema. "Kwani waulizia nani?"

Nikaifunga sura hapo. Usimjibie.

Lugha nayo itakubeba. "Alimpenda" haisemi nani mwanamume nani mwanamke, kwa hivyo waweza kumsubirisha Zena gatini kurasa tatu bila msomaji kujua anayeshuka mashuani ni binti. Lakini fanya mara moja tu. Ukirudia, msomaji ataona unamchezea. Halafu kuna neno "shoga". Wanawake wa kwetu huitana hivyo mchana kweupe, rafiki na rafiki, na wavulana hulitumia kama tusi. Wangu wawili huitana shoga mbele ya mashangazi, na mashangazi huitikia.

Anga usiibahatishe. Niliandika Kilimia, lile kundi la nyota, kikiwaka usiku wa mwezi wa tano, ami yangu mvuvi akacheka hadi akakohoa: wakati huo Kilimia kiko pamoja na jua, hukioni ng'o. Nikageuza, Zena akakitafuta akakikosa, na sura ikapata nguvu. Vilevile nyota ya Jaa, ile ya kaskazini ambayo riwaya za wenzetu huifuata, Lamu haionekani. Tuko digrii 2 hivi kusini mwa ikweta, nayo iko chini ya upeo. Mpakie mhusika kwenye jahazi linaloenda kaskazini kwa Kusi, upepo wa kutoka kusini, ataiona ikichomoza mbele huko pwani ya Somalia, mara ya kwanza maishani mwake. Nani ataihitaji ramani ya nchi ya kubuni?

Siku pia zina mambo. Ijumaa ni ya Zuhura, siku ya mapenzi, na kwetu usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi ikishapita magharibi. Salma amesomea Nairobi. Waliagana wakutane usiku wa Ijumaa kijijini Shela, Zena akamngoja Alhamisi hadi saa tano. Salma akaja kesho yake, amejipaka hina. Waliacha kusemezana siku tisa.

Hatari iweke, ila iwe ya kwetu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kinachokataza tendo la "kinyume cha maumbile", kipo, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019, lakini riwayani askari haogopeshi kama shangazi aliyeketi kwenye wikio, chumba kilichovuka juu ya kichochoro, anayesikia kila kiatu kinachopita chini yake. Wala usiwafanye wanalia tu. Wape mabuyu ya rangi, wape punda aliyeziba njia na wao nyuma yake, vidole vimeshikana chini ya mabuibui.

Kumwita mpenzi kulinisumbua kuliko yote. "Kipenzi" lilinichosha, "mahabuba" ni la taarabu. Mpaka nikaona kilichokuwa mbele yangu tangu ile hesabu ya kwanza: nyota ya Salma ni Ndoo, na kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, "njoo" twasema "ndoo". Zena yuko kisimani, uani, watu wamejaa. Anainua kichwa, aita, "Ndoo." Mamake ampa ya kutekea maji. Salma naye ashuka ngazi.