Kabla ya Kulipia Antivirasi ya Simu, Kagua Haya

Kama unatumia iPhone, usinunue. iOS huitenga kila programu, kwa hiyo antivirasi haiwezi hata kuchungulia programu jirani. Zinazouzwa kwa jina hilo App Store huzuia tovuti za kitapeli au hukupa VPN (huduma ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti), basi. Sasisha iOS, kisha nenda kwenye sehemu ya laini, mwishoni.

Android ina kazi zaidi. Simu yenye Play Store ina mlinzi wake tayari, Play Protect. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Play Protect, bonyeza Changanua. Ukikuta imezimwa na hukuizima wewe, shuku: kuna programu za wizi ambazo humwelekeza mwenye simu aizime kabla ya kuzisakinisha.

Antivirasi za bure zilizojaa matangazo ziache. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilipima antivirasi 250 za Android, na 80 tu ndizo zilizonasa zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi bila kusingizia zilizo safi. Baadhi hazikuchunguza kitu. Zilikuwa na orodha ya majina ya kuaminika, na isiyokuwemo ikaitwa hatari. Chache zilisahau kujiorodhesha zenyewe, zikajitangaza kuwa hatari.

Mara nyingi mwenye simu ndiye anayefungua mlango. Anatumiwa kwa WhatsApp faili la APK, yaani la kusakinishia programu ya Android, eti bando la bure au mkopo wa haraka, analisakinisha. Kisha programu inaomba ruhusa ya Ufikivu. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na anayeipata anaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala yako, ikiwemo ndani ya programu ya benki. Kwa hiyo nenda Mipangilio, tafuta neno Ufikivu, uone ni programu zipi zimewashwa. Usiyoijua, zima. Halafu tafuta "programu zisizojulikana", uzuie WhatsApp, Chrome na Telegram zisisakinishe chochote.

Programu ikikataa kutoka, kwa kawaida imepewa usimamizi wa kifaa, yaani mamlaka ya kuzuia isifutwe. Zima data na Wi-Fi kwanza. Bonyeza kitufe cha kuzima simu, ukiona chaguo la Zima likandamize mpaka uulizwe kuhusu hali salama, ukubali. Simu ikiwaka, programu ulizopakua hazitaendeshwa. Tafuta "usimamizi wa kifaa" ndani ya Mipangilio, iondolee mamlaka, ndipo uifute. Nywila za benki na barua pepe zibadilishe kwa kutumia simu nyingine. Ikishindikana, hifadhi picha na urudishe simu kwenye hali ya kiwandani.

Angalia pia tarehe ya sasisho la usalama, kwenye Kuhusu simu, chini ya toleo la Android. Ikiwa ni ya miaka miwili iliyopita, hakuna antivirasi itakayoziba matundu yaliyomo kwenye mfumo wenyewe. Simu hiyo isiwe ya benki.

Antivirasi ina maana pale unapolazimika kusakinisha nje ya Play Store, au simu inapopita mikononi mwa wengi. Chukua moja tu ya kampuni inayojulikana, mfano Bitdefender au ESET. Ukiweka mbili utamaliza chaji na kumbukumbu bure.

Laini sasa. Mwizi akichomoa laini yako na kuiweka kwenye simu yake, SMS za uthibitisho zinaingia kwake. Tafuta "kufunga SIM kadi" kwenye Mipangilio, uweke PIN. Kabla ya kuanza, pata PIN ya mwanzo na PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga) kutoka kwa kampuni ya laini yako, uziandike pembeni: ukikosea PIN mara 3 utadaiwa PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa. PIN hii haimzuii tapeli anayejifanya wewe na kuiomba kampuni ihamishie namba yako kwenye laini yake. Dalili yake ni hii: mtandao ukikatika ghafla wakati wenzako wanao, azima simu upige huduma kwa wateja papo hapo.