Injini Mpya na Oili ya Sintetiki: Uhamie Lini, na Namna ya Kuhama

Anzia kwenye kifuniko cha kumiminia oili, juu ya injini. Kwa magari mengi yanayotengenezwa siku hizi utakuta kimeandikwa uzito wa oili, yaani jinsi ilivyo nyepesi au nzito: 0W-16, 0W-20, 5W-30. Ukiona inaanza na 0W, huna haja ya kuuliza lini uhamie sintetiki, yaani oili iliyoundwa kikemia au kusafishwa kwa nguvu sana. Oili nyepesi kiasi hicho haitengenezeki kwa mafuta ya kawaida pekee, kwa hiyo gari limetoka kiwandani likiwa na sintetiki au mchanganyiko wenye sintetiki nyingi. Wala si jambo la jana. Chevrolet Corvette imekuwa ikitoka kiwandani na Mobil 1, oili ya sintetiki, tangu 1992, na Porsche nao wamekuwa wakiitia kwa miaka mingi. Kama sintetiki ingezuia injini mpya kukaa sawa, hao wangekuwa wa kwanza kuumia.

Hata hivyo ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye gereji: tembeza gari jipya kilomita 5,000, wengine husema 10,000, kwa oili ya kawaida, kwa sababu sintetiki "inateleza mno" na ringi, zile pete za pistoni zinazoziba kwenye ukuta wa silinda, hazitasagika zikaenea vizuri. Inafaa kujua kosa liko wapi, maana ukilielewa utajua pia namna ya kuliendesha gari jipya, na hilo lina uzito kuliko aina ya oili.

Ukuta wa silinda mpya si laini. Kiwandani hupitishwa mawe ya kusaga yanayoacha mistari myembamba inayokatizana. Mistari hiyo hushika oili, na vilele vyake ndivyo vinavyosagwa na ringi hadi vikutane vizuri. Kinachoikandamiza ringi kwenye ukuta kwa nguvu si mkunjo wake peke yake. Gesi ya mwako hupenya juu na nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Injini ikibeba mzigo wa wastani, msukumo huo unatosha kusaga vilele hata kama oili ni sintetiki bora kuliko zote. Ikiendeshwa kwa kubembelezwa tu, au ikiachwa inaunguruma imesimama kwa muda mrefu, msukumo hautoshi. Oili huungua juu ya ukuta na kuacha utando mgumu unaong'aa, na kuanzia hapo ringi hazisagi tena chochote. Injini ya namna hiyo itakula oili maisha yake yote. Isitoshe, siku hizi viwanda vingi hukata vilele hivyo mapema kwa hatua ya mwisho ya kusaga, hivyo kazi inayobaki ni ndogo. Sehemu yake kubwa hukamilika katika kilomita mia chache za mwanzo.

Kwa hiyo, kwa kilomita 1,000 hadi 1,500 za kwanza, endesha hivi, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Usiiache injini ikiunguruma dakika kumi asubuhi "ipate moto". Washa, subiri nusu dakika, ondoka taratibu. Usivuke mizunguko 3,500 hadi 4,000 kwa dakika kwa petroli, au takriban 2,500 hadi 3,000 kwa dizeli. Badilisha mwendo mara kwa mara. Safari ndefu ya mwendo mmoja usiobadilika haifai. Injini ikishapata moto kamili, kanyaga mafuta nusu hadi robo tatu ukiwa kwenye gia inayolingana na mwendo, ipande kutoka mizunguko 1,500 hadi 3,000, kisha achia pedeli ipungue yenyewe. Rudia mara kadhaa kila safari. Kukanyaga kunasukuma ringi nje. Kuachia kunavuta oili kidogo juu ya ukuta na kuondoa vumbi la chuma. Usivute trela.

Sasa swali lenyewe. Jibu linategemea gari lako liko katika hali gani kati ya hizi tatu.

Ikiwa limetoka kiwandani na sintetiki, hakuna kuhama. Endelea na uzito uleule na kiwango kilekile. Kinachobaki ni kuamua kama oili ya kiwandani uimwage mapema au usubiri tarehe ya kitabu. Oili ya kwanza hubeba chuma kingi kuliko nyingine yoyote itakayofuata, pamoja na masalio ya gundi za kuzibia maungio, na filta ya kawaida haikamati chembe ndogo kabisa. Kwa sababu hiyo wengi humwaga mara moja kati ya kilomita 1,000 na 2,000. Ni gharama ndogo na haina madhara kwa magari mengi. Lakini si yote: Honda, kwa mfano, wamekuwa wakiwashauri wenye magari mapya wasiimwage oili ya kiwandani kabla ya muda wake. Kitabu kikisema iache, iache.

Ikiwa limetoka na oili ya kawaida au nusu sintetiki, na kitabu kinaruhusu zote mbili, hamia kwenye huduma ya kwanza, iwe kilomita 1,000 au 5,000. Hakuna faida ya kusubiri zaidi. Kigezo pekee cha kutazama ni kijiti cha kupimia. Pima kila kilomita 500 tangu gari likiwa jipya na uandike. Kama oili ilipungua kidogo mwanzoni kisha ikatulia, ringi zimekaa. Kama bado inashuka karibu lita moja kwa kila kilomita 1,000, hilo ni la kupeleka kwa muuzaji wakati dhamana bado iko hai. Usilifunike kwa kutia oili nzito zaidi: utapunguza dalili tu, na dhamana itakwisha ugonjwa ukiwa palepale.

Hali ya tatu ndiyo pekee ambayo ushauri wa zamani una haki: injini iliyofunguliwa na kusukwa upya na fundi. Hapa usagaji wa silinda unategemea mkono na mashine ya fundi, mara nyingi vilele ni vikali kuliko vya kiwandani, na ringi zinahitaji msuguano zaidi. Tia oili ya kawaida ya uzito ulioelekezwa, isiyo na viungio vya kupunguza msuguano, au oili maalumu ya kuzoeshea injini. Kama ni injini ya zamani ambayo kamshafti yake (mhimili wenye nundu unaofungua vali) inasugua tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu hizo) bapa zisizo na rola, oili maalumu si hiari. Oili za kisasa za petroli za 5W-30 na nyepesi zaidi zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili kulinda kisafisha moshi (katalitiki), na kiungio cha zinki na fosforasi ndicho kinachookoa nundu za kamshafti mpya. Injini ya aina hiyo huwashwa na kupandishwa mara moja hadi mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 hadi 30, bila kuiacha ishuke chini, kwa sababu kwenye mizunguko midogo oili haimwagikii nundu za kutosha. Nundu ikishachubuka katika dakika hizo, kamshafti imekwisha.

Baada ya hapo mwaga oili na filta. Tia oili ya kawaida tena hadi kilomita 800 au 1,000, mwaga, na zamu hii ikate filta ufungue mikunjo ya karatasi yake chini ya mwanga mkali. Unga mwembamba unaometameta kidogo ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole si kawaida. Vikinaswa na sumaku, ni chuma cha kamshafti, tapeti au gia. Visiponaswa na vina rangi ya fedha au shaba, angalia beringi za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kabla hujaendesha tena. Filta ikiwa safi na matumizi ya oili yametulia, sintetiki inaweza kuingia kwenye umwagaji wa tatu, kati ya kilomita 2,000 na 5,000.

Katika kuchagua galoni, neno "sintetiki" mbele ya lebo ndilo lenye maana ndogo kuliko yote. Katika nchi nyingi oili ya kundi la tatu, yaani mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa nguvu sana, huuzwa kwa jina hilo sawa na oili iliyoundwa kikemia, na zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Geuza galoni usome nyuma. Tafuta API SP, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kilichoanza 2020, au kipya zaidi. Kwa injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda jambo hili si la mapambo: oili zenye kalsiamu nyingi huchangia mlipuko wa mapema injini inapobebeshwa mzigo kwenye mizunguko midogo, na mlipuko huo huvunja pistoni. SP hupimwa dhidi ya tatizo hilo. Gari la Ulaya litadai idhini ya mtengenezaji, kama VW 504 00/507 00, MB 229.51 au BMW LL-04. Tofautisha "imeidhinishwa" na "inafaa kwa": la kwanza ni mtengenezaji wa gari anayesema, la pili ni muuza oili. Dizeli yenye kichujio cha masizi inataka oili yenye majivu machache, aghalabu ACEA C2 au C3 (viwango vya watengenezaji magari wa Ulaya) kulingana na kitabu. Ukitia nyingine, majivu hujaa kwenye kichujio na hayaungui.

Kuhama kwenyewe hakuna ufundi wa ajabu. Dawa ya kusafishia injini haihitajiki kwenye injini mpya, na oili ya zamani inayobaki kwenye njia ndogo, ambayo huwa mililita mia chache, haina shida, kwa kuwa oili za injini zenye viwango vya API hutakiwa kuchanganyika.

Pasha injini dakika tano hadi kumi, izime, hakikisha gari limesimama tambarare. Ukiliinua, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake isikuaminishe kuingia chini. Fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, kisha boliti ya kumwagia chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Acha dakika kumi na tano. Fungua filta na, kabla ya kufanya lolote jingine, tazama kama mpira wake umetoka nao. Mpira wa zamani ukibaki umenata kwenye bloku na ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haitahimili msukumo, na oili yote inaweza kumwagika chini katika dakika moja au mbili za kuwasha. Paka oili mbichi kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana ya filta kukazia.

Boliti ya kumwagia iwekewe washa (pete ya kuzibia) mpya. Ikaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Magari mengi madogo yako kati ya Nm 25 na 40, na sampu za alumini hazisamehe: uzi ukichakaa utabadilisha sampu nzima. Tia oili pungufu ya nusu lita kuliko ujazo wa kitabu, ambao kwa injini nyingi za silinda nne ni kati ya lita 3.5 na 5.5. Washa sekunde thelathini, hakikisha taa ya oili imezimika na hapavuji, zima, subiri dakika tano hadi kumi, ndipo upime. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa kawaida ni takriban lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Usipitishe alama ya juu: krenki ikiigonga oili huitia povu, na povu halijengi presha.

Sintetiki haikupi ruhusa ya kusahau. Kilomita 10,000 hadi 15,000 au mwaka mmoja ni pale tu kitabu kinaposema hivyo, na hesabu hiyo ni ya barabara safi na safari ndefu. Vumbi jingi, kuvuta mizigo, foleni au safari za dakika tano hupunguza muda huo karibu nusu. Safari fupi ndizo hudanganya zaidi, kwa sababu petroli isiyoungua hupenya hadi kwenye oili na kiwango kwenye kijiti huonekana kimepanda badala ya kushuka. Kinuse kijiti. Kikinuka petroli, mwaga mapema.

Tunza risiti na uandike tarehe na kilomita, kwani muuzaji atakuuliza siku utakapodai dhamana. Oili ikipungua safarini na huna ya aina ileile, tia yenye uzito na kiwango kilekile hata kama ni ya kawaida. Nusu lita haitadhuru injini, lakini muda wa kumwaga uhesabu kana kwamba yote ni ya kawaida.