Namna ya Kupima Kama Mamlaka ya Kujiendesha Yameiboresha Hospitali ya Umma

Hoja ya kuzipa hospitali za umma mamlaka ya kujiendesha huanza na malalamiko yanayofahamika: mkuu wa hospitali anawajibishwa kwa huduma mbovu, ilhali hawezi kuajiri muuguzi, kumwondoa mtumishi mtoro, wala kununua dawa zilizokwisha bila kibali kutoka juu. Ubaya wa hali hiyo haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama huduma huimarika mamlaka yakishatolewa, na yeyote anayetakiwa kulijibu swali hilo, awe mjumbe wa bodi, mkaguzi au mwandishi wa habari, anaweza kufuata utaratibu huu.

Anza kwa kubaini mamlaka yaliyohamishwa kweli, si yaliyotangazwa. Soma sheria au waraka husika, kisha uulize, jambo kwa jambo, ni nani anayeamua kuhusu ajira na mishahara, ununuzi, vifaa vikubwa, viwango vya ada na aina za huduma. Mara nyingi utakuta bodi imeundwa na inakaa vikao, lakini watumishi bado wanaajiriwa na serikali kuu na bajeti bado inashuka ikiwa imegawanywa katika vifungu visivyoweza kubadilishwa. Hospitali ya namna hiyo haithibitishi kwamba mamlaka ya kujiendesha hayafai, kwa kuwa haijawahi kuwa nayo.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kuzifuatilia fedha: zinatoka kwa nani, zinalipwa kwa kigezo gani, na ziada inabaki kwa nani. Meneja mwenye uhuru huongeza kile kinacholipa. Kwa miaka mingi hospitali za umma za China, ambazo ruzuku yake ilikuwa imepungua, ziliruhusiwa kuuza dawa kwa nyongeza ya asilimia 15 juu ya bei ya kununulia. Wagonjwa wakaandikiwa dawa nyingi na za ghali, hadi nyongeza hiyo ilipoondolewa katika hospitali zote za umma mwaka 2017. Vietnam nayo ilipanua mamlaka ya hospitali juu ya fedha zake kwa amri za serikali za mwaka 2002 na 2006. Mapato yalipanda na watumishi wakapata nyongeza, lakini pia ikazuka hofu ya vipimo visivyo vya lazima na ya gharama kumwelemea mgonjwa. Jimbo la São Paulo nchini Brazil lilichukua njia nyingine kuanzia mwaka 1998, lilipozikabidhi baadhi ya hospitali zake kwa mashirika yasiyo ya kibiashara kwa mikataba ambayo ndani yake serikali hulipa bajeti ya jumla kwa kiasi cha huduma kilichokubaliwa, sehemu ya malipo hutegemea viashiria vya ubora, na mgonjwa hatozwi chochote. Tathmini zilizofanywa ziliziona hospitali hizo zikitumia vitanda na watumishi wake kwa tija zaidi kuliko zile zilizoendeshwa na serikali moja kwa moja. Mameneja wa nchi zote tatu waliongezewa uhuru, lakini walilipwa kwa mambo tofauti, na hilo huwaponyoka wengi wanaohesabu tu nani kapewa bodi.

Baada ya hapo, tafuta ulinganisho wa haki. Kosa la kawaida ni kuilinganisha hospitali iliyopewa mamlaka na isiyopewa kwa takwimu za leo pekee. Nchini Uingereza, hospitali za kwanza kupewa hadhi ya juu ya kujiendesha mwaka 2004 zilichaguliwa kutoka miongoni mwa zilizokuwa na alama nzuri, kwa hiyo ubora wake uliooneshwa baadaye kwa kiasi kikubwa ulikuwapo tangu mwanzo. Kusanya takwimu za miaka kadhaa kabla na baada ya mabadiliko, kwa hospitali za makundi yote mawili, kisha utazame kama pengo kati yao limebadilika.

Kuhusu viashiria, usiridhike na mapato wala idadi ya wagonjwa. Siku za kulazwa zikipungua, angalia pia wanaorudi kulazwa muda mfupi baada ya kuruhusiwa. Vifo visomwe kwa kuzingatia umri na uzito wa ugonjwa, na rufaa zikaguliwe, maana hospitali inaweza kupendeza kwenye karatasi kwa kuwasukumia wengine wagonjwa wagumu. Upatikanaji wa dawa na nafasi za kazi zilizo wazi huonesha mabadiliko mapema.

Mwisho, kagua bodi inasimamia nini. Taasisi ya hospitali za umma ya Mid Staffordshire, nchini Uingereza, ilipewa hadhi hiyo ya juu ya kujiendesha mwaka 2008 huku wagonjwa wake wakitelekezwa wodini. Uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis, uliotoa ripoti mwaka 2013, ulieleza jinsi bodi ilivyotanguliza malengo ya fedha na kuipata hadhi hiyo kuliko ubora wa huduma. Omba kumbukumbu za vikao vya bodi na uone malalamiko ya wagonjwa yalijadiliwa mara ngapi, na hatua gani zilifuata. Kisha omba orodha ya waliosamehewa ada, kama ada zinatozwa, uilinganishe na ya kabla ya mabadiliko: ikiwa imepungua wakati mapato yanaongezeka, liandike hilo katika ukurasa wa kwanza wa taarifa yako.